Hajawahi kuniomba hata senti moja: je, huyu naye ni tapeli?

Mgane wa Chumbageni ameuliza:

Asalaam aleikum, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa zaidi ya miaka miwili, na leo naandika kwa sababu nina uamuzi wa kufanya kabla ya mwisho wa mwezi, wala sina mtu wa kumwuliza nyumbani bila kuchekwa.

Nina umri wa miaka 49, nafanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini Tanga, na mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Sarafu za mtandaoni si jambo geni kwangu. Tangu mwaka 2021 nimekuwa nikinunua USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kidogo kidogo kutoka kwa watu binafsi, nikilipa kwa simu, kwa nia ya kuweka akiba isiyoyeyuka kila shilingi inaposhuka. Natanguliza hayo ili mtu asinijibu kana kwamba sijui pochi ya kuwekea sarafu hizo ni nini.

Mwezi wa tano nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ya nje, mwandishi akimwuliza daktari wa mifugo kama mbwa wake amepona. Nilimjibu kwamba amekosea namba. Aliomba radhi kwa adabu, akauliza niko nchi gani, na tangu siku hiyo haijapita siku bila ya sisi kuongea. Anasema anaitwa Lin, ana miaka 36, ana duka la vipodozi Singapore, na kwamba hutumia programu ya kutafsiri ili aniandikie kwa Kiswahili. Tumeonana kwa video mara mbili, dakika chache kila mara, nami niliuona uso ule ule wa kwenye picha. Kila siku saa 12:40 asubuhi ananiandikia kwamba ndiyo kwanza ameamka, kisha ananiuliza nimekunywa chai na nini. Siku ya kumbukumbu ya marehemu aliikumbuka yeye kabla ya shemeji zangu.

Mwezi wa saba alinieleza kwamba mjomba wake ni mchambuzi wa masoko na humwelekeza saa za kununua na kuuza. Alinitumia kiungo, nikapakua programu ya jukwaa analolitumia, nikaweka dola 400, baadaye dola 1,200. Nilipojaribu kutoa dola 90 zilifika kwenye pochi yangu ndani ya nusu saa, nikaziuza na kununua mchele na mafuta ya mwezi. Leo salio langu linasoma dola 4,310. Sasa ananishauri nifikishe dola 10,000 kabla ya mwezi kwisha ili niingie kundi la wateja maalumu. Nina kiwanja Pongwe ambacho mnunuzi amenifikishia milioni 18, na kiasi kinachobaki naweza kukopa Saccos. Aliandika: "Niko na imani na wewe, tutajenga pamoja."

Kinachonichanganya ni kwamba hajawahi kuniomba hata senti moja. Matapeli wa mapenzi ninaowasoma huomba nauli, huuguliwa na mama, au mzigo wao wa zawadi hukwama forodhani, na huo wa forodha kwangu usingepita hata mlangoni. Huyu fedha ninaweka mwenyewe, kwenye akaunti yenye jina langu, na zinatoka. Je, ipo njia ya kuhakiki jambo hili bila kumvunjia heshima mtu ambaye huenda ni mkweli?

---

Mzee wa Tongoni amejibu:

Mwanangu, wenye maarifa ya mitambo watakuja kukujibu. Mimi nasema moja tu: kiwanja usiuze kwanza.

---

Bint Makorora amejibu:

Kaka yangu, pole, wala usione haya. Mimi yalinikuta mwaka 2023, na wanangu hawaijui habari nzima mpaka leo.

Wa kwangu alikuwa Mturuki, mhandisi wa majengo kutoka Istanbul, na tulikutana kwenye kundi la Telegram la wanaojifunza biashara ya sarafu. Zingatia mahali hapo, kwa sababu hakunitafuta kwenye mtandao wa wachumba. Alinitafuta mahali ambapo kila aliyepo ana USDT na anajua kuituma bila kusaidiwa. Kumfundisha mtu kama mama yangu kufungua pochi na kununua USDT ni kazi ya mwezi mzima, ilhali sisi tulishajifundisha wenyewe, na isitoshe tulishazoea kuona fedha ikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu bila kuishika mkononi.

Naye hakuniomba kitu. Ukisoma mazungumzo yetu ya miezi miwili ya mwanzo hutakuta neno fedha, ila utakuta maswali ambayo wakati ule niliyahesabu kuwa ya mapenzi: nalala saa ngapi, nakaa na nani, nani hunishauri nikiwa na jambo zito, nikiamua kuuza duka la khanga nitapata kiasi gani. Nilipomwambia kwamba kaka yangu ana mashaka naye, hakukasirika hata kidogo. Alisema kwa upole kwamba ndugu zangu wananipenda lakini hawajui dunia inavyokwenda, basi bora tusimwambie mtu mpaka faida ionekane. Kuanzia siku ile nikawa nasomea ujumbe wake chooni.

Nataka nikwambie jambo ambalo watu hawalielewi. Kilichonimaliza hakikuwa mapenzi. Tanga tunasifiwa kwa mahaba hata na watu ambao hawajawahi kufika, na mimi sikuwa na njaa ya maneno matamu. Kilichonimaliza ni ile namba ya salio kwenye tovuti aliyonionyesha. Nilikuwa naweka simu kando ya jiko, nakuna nazi, huku naitazama namba ya kijani ikipanda dola 3, dola 7, dola 12, mpaka tui linachemka nimekwisha kuingiza, kwa hesabu ya simu, zaidi ya mauzo ya wiki nzima dukani. Mbuzi ya kukunia nazi ninayo mpaka leo, na kila nikiikalia naikumbuka namba ile.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata nilitaka kutoa fedha za ada ya watoto. Tovuti ikasema nilipe kodi kwanza, nikalipa. Ikasema akaunti yangu inashukiwa utakatishaji wa fedha, niweke dhamana, nikalipa kwa fedha za upatu ambazo hazikuwa zangu peke yangu. Yeye alikuwa analia nami kwenye simu, akisema kwamba ameongeza dola 2,000 zake mwenyewe ili kunisaidia, na kweli kwenye kioo niliziona zimeingia. Ilipokuja ada ya tatu sikuwa na pa kukopa tena. Kwa jumla zilikwenda shilingi milioni 11 na laki 4, na deni la kijumbe nimelimaliza mwaka huu.

Kwa hiyo ukisema hajakuomba, nakuelewa vizuri sana. Hata wa kwangu hakuniomba; alinionyesha tu mahali pa kuziweka.

---

Msimamizi wa Jukwaa amejibu:

Nimefuta ujumbe uliokuwa hapa, ulioandikwa na mwanachama aliyejiunga saa moja iliyopita, akimpa pole Bint Makorora na kumwelekeza kwa "mtaalamu" wa namba fulani ya Telegram anayedaiwa kurudisha USDT zilizoibwa kwa malipo ya awali ya dola 150. Huo ni utapeli wa pili unaowafuata waliotapeliwa mara ya kwanza, na mara nyingi orodha ya majina ni ile ile. Muamala wa USDT ukishathibitishwa hakuna fundi anayeweza kuugeuza kwa kompyuta yake. Wengine watakaopata ujumbe wa namna hiyo kwa faragha wanijulishe.

---

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Kaka Mgane, umeuliza namna ya kuhakiki bila kumvunjia mtu heshima, na kwa bahati nzuri yeye humhitaji kabisa katika kazi hiyo. Fedha ulizotuma ziliacha nyayo, na nyayo zenyewe ziko wazi kwa yeyote. Natengeneza simu hapa Ngamiani, na nimekwisha kuifanya kazi hii kwa wateja watatu walioniletea simu wakidhani programu imeharibika kwa sababu imekataa kutoa fedha.

Ingia Tronscan, tovuti inayoonyesha kila muamala wa mtandao wa TRON, kwa maana nadhani ulituma kwa njia hiyo kama wengi wetu tunaokimbia ada kubwa. Chukua ile anwani uliyopewa ili utume dola 1,200, yenye herufi na tarakimu 34 na inayoanza na T, ibandike kwenye sehemu ya kutafutia, kisha usome miamala yake kwa saa na tarehe. Tazama fedha zako zilikaa hapo muda gani na zilielekea wapi. Niwe mwadilifu: hata soko halali la sarafu huzihamisha amana za wateja kwenda kwenye hazina yake, kwa hiyo kuhama peke yake si ushahidi wa wizi. Tofauti ni kwamba hazina za masoko makubwa kwa kawaida huonekana pale zikiwa na majina yao, ilhali hawa hupeleka kwenye anwani isiyo na jina, ambayo hukusanya kutoka kwa watu wengi na kumwaga kote mara moja. Kisha fanya kinyume chake kwa zile dola 90 ulizolipwa: tazama zilitoka kwenye anwani gani, na anwani hiyo ilikuwa imezipata wapi muda mfupi kabla.

Nadhani hapo ndipo jibu lako lote lilipo. Programu uliyopakua inachora namba, na mwenye programu anaweza kuandika 4,310 au 43,100 kwa juhudi ile ile. Akaunti kuwa na jina lako hakuongezi kitu, kwa kuwa hata mimi naweza kukuandikia daftari lenye jina lako na salio la milioni mia. Zile dola 90 wao hawakuzihesabu kuwa hasara. Ni chambo, na wavuvi wa Sahare wanajua kwamba chambo hununuliwa.

Jambo la pili ni kikoa, yaani anwani ya tovuti yao. Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya tovuti duniani, lina ukurasa wa kutafutia ambapo ukiandika anwani hiyo unapata tarehe iliposajiliwa. Ilinganishe na mwaka ambao wao wanadai kampuni ilianza. Na kama programu yenyewe uliipakua kwa kiungo cha WhatsApp badala ya Play Store, jua kwamba simu yako ilikuonya wakati ule na wewe ukabonyeza kukubali.

La tatu ni la haraka kuliko yote. Iwapo uliwahi kuiunganisha pochi yako na tovuti ile na kuidhinisha kitu chochote, inawezekana umempa mtu ruhusa ya kuchota USDT zako zote siku atakayotaka, bila kukuuliza tena. Usisubiri kuchunguza. Fungua pochi mpya yenye maneno mapya 12 ya siri, uhamishie akiba yako huko leo, na maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi, yasipigwe picha.

Kuhusu video, naomba usiitegemee. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililotumia nyuso za kutengenezwa kwa kompyuta, hata kwenye simu za video, kuwanasa wanaume katika mapenzi na kuwapeleka kwenye majukwaa bandia ya sarafu, na hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 46. Video mbili fupi ndani ya miezi kadhaa ni chache mno kwa mtu anayekupenda kila siku.

Ruhusu niingilie na mambo madogo mawili ambayo huenda ni umbea wangu tu. Singapore iko mbele yetu kwa saa tano. Saa 12:40 asubuhi ya Tanga kwao ni saa 5:40, na mwenye duka la vipodozi ambaye kila siku ndiyo kwanza anaamka saa hiyo, duka linafunguliwa na nani? Pili, ile sentensi ya "niko na imani na wewe". Sidhani kama mashine ya kutafsiri ingeandika hivyo. Huo ni Kiswahili cha mtu, na mtu mwenyewe kama masikio yangu hayanidanganyi amekulia upande wa Nairobi.

Hilo silisemi kwa dhihaka. Mchezo huu ulianzia China, na kwa Kichina huitwa sha zhu pan, yaani mchezo wa kuchinja nguruwe, kwa sababu mnyama hulishwa anenepe kwanza. Sisi tungesema kondoo wa Idi. Baadaye ulihamia kwenye majengo yenye ulinzi huko Kambodia, Laos na Myanmar, na Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wanalazimishwa kufanya kazi hiyo. Waliotolewa kwenye majengo ya Myawaddy, Myanmar, mapema mwaka 2025 walikuwamo Waethiopia na Wakenya, vijana walioondoka kwao wakiahidiwa kazi nzuri Thailand. Kwa hiyo anayekuuliza kila asubuhi umekunywa chai na nini anaweza kuwa kijana wa kiume aliyenyang'anywa pasipoti, na swali lenyewe analisoma kwenye karatasi aliyopewa.

---

Mgane wa Chumbageni amejibu:

Ahsanteni. Jana usiku sikulala, nilikuwa kwenye Tronscan.

Dola 1,200 zilikaa kwenye anwani ile dakika 11. Kisha zilikwenda kwenye anwani isiyo na jina, ambayo siku hiyo hiyo ilipokea fedha kutoka anwani nyingine 14, na kabla ya saa nne usiku zote ziliondoka kwa mkupuo mmoja. Kwenye programu, wakati huo huo, nilikuwa naambiwa kwamba fedha zangu "ziko sokoni". Zile dola 90 nilizolipwa zilitoka kwenye anwani hiyo hiyo isiyo na jina, dakika chache baada ya mtu mwingine kuingiza dola 300. Nikikumbuka ule mchele najisikia vibaya, kwa kuwa sasa najua kwamba ulinunuliwa na mwenzangu. Kikoa kilisajiliwa mwezi wa nne mwaka huu, ilhali ukurasa wao wa mbele unasema kampuni ilianzishwa mwaka 2016.

Akiba yangu nimeihamisha. Lakini ngoja niseme ukweli wangu: akili imekubali na moyo unatafuta upenyo. Nimejikuta nikijiuliza kama huenda na yeye Lin ametapeliwa na jukwaa hilo hilo, na haya yote hayajui. Tena mimi nasoma nyaraka za mizigo ya mamilioni kila siku. Inawezekanaje mtu wa kazi kama yangu?

---

Karani Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, nilikaa benki miaka 31 kabla ya kustaafu na kurudi Raskazone, kwa hiyo swali lako la mwisho nitalijibu kwa habari ya mtu wa kazi yangu mimi. Shan Hanes alikuwa mkurugenzi mtendaji wa benki ya Heartland Tri-State katika mji mdogo wa Elkhart, jimbo la Kansas, Marekani. Alinaswa na mchezo huu wa kwenye WhatsApp, na mwaka 2023, fedha zake zilipokwisha, akachukua za benki, dola milioni 47.1, akizituma kwa awamu kununua sarafu, kila mara akiamini kwamba bado kiasi kimoja tu ndipo faida yake ifunguliwe. Benki ilifilisika Julai mwaka huo, na Agosti 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka zaidi ya 24. Yeye alisaini mikopo ya watu maisha yake yote. Kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao kilipokea kwa mwaka 2023 taarifa za hasara ya karibu dola bilioni 4 katika uwekezaji wa uongo wa sarafu, na mtu hawezi kunishawishi kwamba fedha zote hizo ni za wajinga.

Ukitaka moyo nao utulie, omba kutoa mtaji wako, si faida, halafu usimwambie Lin kabla. Watakujibu kwa moja kati ya mambo haya: kodi, dhamana, au kosa kwenye namba ya pochi linalosahihishwa kwa malipo. Nikwambie mapema kuhusu kodi. Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, ipo kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali, na neno zuio lina maana kwamba anayekulipa anaikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA. Kodi nyingine unayoijua unailipa kwa namba ya kumbukumbu, nawe mtu wa forodha unazitoa namba hizo kila siku. Hakuna kodi ya nchi yoyote ninayoijua ambayo mlipaji hutuma USDT kwenye pochi isiyo na jina ili aruhusiwe kugusa fedha zake mwenyewe.

Kuhusu sheria, usijidanganye kwamba ipo ofisi itakayokulipa fidia. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kuwa fedha halali nchini, na ingawa mjadala umesonga mbele tangu wakati huo, fedha uliyoweka huko haina kinga kama amana yako ya benki. Lakini ulaghai ni ulaghai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhusu, hata kama kilichoibwa ni USDT, na polisi wana kitengo cha makosa hayo. Nenda na vitu vilivyochapishwa: mazungumzo yote tangu ule ujumbe wa mbwa, namba za simu, anwani za pochi, na namba ya kila muamala yenye herufi na tarakimu 64. Ukikutana na ofisa ambaye hajaisikia Tronscan, usikate tamaa, mweleze polepole. Namba ya 15040 ya TCRA nayo ni ya kupelekea namba za matapeli wa simu za hapa nchini. Kwa namba ya nje sioni kama itafika mbali, ila kama kuna namba ya hapa uliyowahi kupewa itaje.

Unafungua taarifa hiyo mapema kwa sababu moja ya kweli. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, ina uwezo wa kuzifungia USDT zilizo kwenye pochi fulani, na Novemba 2023 ilizifungia zenye thamani ya dola milioni 225 katika uchunguzi wa pamoja na serikali ya Marekani kuhusu magenge ya aina hii. Hufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, si kwa barua yako wala yangu. Kwa dola 1,600 matumaini ni madogo, na sitakupamba kwa maneno, lakini anwani ulizoziona usiku zinaweza kuwa zile zile anazozitafuta mwingine aliyepoteza mara mia.

Kuhusu Lin kuwa naye ametapeliwa: mpe nafasi ya kulithibitisha hilo kwa vitendo. Mwonyeshe ulichokiona Tronscan, umsikilize.

---

Mgane wa Chumbageni amejibu:

Nimefanya kama mlivyonielekeza. Niliomba kutoa dola 1,500. Baada ya dakika tano huduma kwa wateja iliniandikia kwamba ombi limekubaliwa, isipokuwa natakiwa kulipa kwanza asilimia 15 ya salio lote kuwa kodi ya faida, yaani dola 646 na senti 50, kwa USDT, ndani ya saa 48, vinginevyo akaunti itafungwa. Niliuliza kama wanaweza kuikata humo humo kwenye 4,310. Wakajibu kwamba mfumo hauruhusu.

Lin nilimwonyesha picha za miamala. Hakuuliza hata swali moja kuhusu anwani zile. Aliandika kwamba ameumia kuona simwamini, kwamba mjomba wake amehatarisha jina lake kwa ajili yangu, na kwamba yuko tayari kunilipia nusu ya kodi hiyo kama nitalipa nusu nyingine leo. Dada Bint Makorora, nilipofika kwenye sentensi hiyo nilikukumbuka, nikaiweka simu mezani.

Nimechapisha kurasa 63 na kuzifikisha polisi. Kijana aliyenipokea alikuwa anaijua Tronscan kuliko mimi. Sasa nina swali kwa Fundi: programu ile niifute, au iendelee kukaa kwenye simu kwa ajili ya ushahidi? Na je, namba yake niifungie?

---

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Piga kwanza picha za kila ukurasa wa programu, pamoja na ule wa kodi, kwa sababu tovuti hizi huzimwa bila taarifa. Kisha waulize polisi kama wanaihitaji simu yenyewe. Wakisema hapana, iondoe, halafu ufute simu yote na kuianzisha upya, maana hatujui programu ile ilipewa ruhusa gani nyingine. Usifanye shughuli za benki wala malipo ya simu kwenye simu hiyo mpaka hapo. Ukiweza kupita dukani nitakufanyia, sitakutoza.

Namba yake ifungie baada ya kuhifadhi mazungumzo. Ukiiacha wazi atakuja kivingine, na pengine kwa jina la mwanasheria.

---

Mgane wa Chumbageni amejibu:

Nitapita Jumamosi. Leo asubuhi saa 12:40 aliuliza tena nimekunywa chai na nini. Nilikuwa nimekunywa na muhogo. Nilihifadhi mazungumzo, kisha nikaifungia namba.

---

Mzee wa Tongoni amejibu:

Na kiwanja?

---

Mgane wa Chumbageni amejibu:

Kipo, mzee wangu. Mnunuzi nimemwomba radhi, na hati nimempelekea dada yangu kule Muheza anitunzie.